Sehemu ya 4: Visiki vilivyochipua kwenye vilima vya jirani zetu

 

Wiki iliyopita tuliongea kuhara na maji ya kunywa. Leo narudi kwenye historia kidogo, maana uchafu wa maji hauanzii kwenye ndoo yako. Mara nyingi unaanzia mlimani. Mlima ukibaki kipara, mvua ikinyesha udongo unashuka mtoni, unaingia kisimani, mwisho unamwagika ziwani na kufunika mawe ambako samaki wanatagia.

Tukisikia wananchi wanatunza misitu yao, wengi tunafikiria mikoko ya pwani. Na mifano ipo. Kule Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, wanakijiji walianza Mikoko Pamoja mwaka 2013. Wanalinda mikoko, wanauza hewa ukaa, na hela inaleta maji kijijini na vitabu shuleni. Ziwa letu halina mikoko, maji yake si ya chumvi. Sisi tuna vilima na miombo. Ila swali ni lile lile: nani anaamua mti usikatwe, na mama anayekatazwa kukata atapikia nini?

Ukipanda boti Kibirizi kuelekea kaskazini, kama kilomita 16 hivi kutoka mjini unafika Gombe. Jane Goodall alishuka pale Julai 1960 kuchunguza sokwe, akiwa na miaka 26. Serikali ya kikoloni ilikataa binti akae porini peke yake, ikabidi aje na mama yake, Vanne. Dunia nzima inamsifu binti, mimi muuguzi namsifu mama. Vanne alifungua kliniki ndogo pale kambini kwa ajili ya wavuvi na familia zao: aspirini, kuosha vidonda kwa maji ya chumvi, basi. Urafiki na wenyeji ulijengwa na vitu vidogo kama hivyo.

Gombe ilikuwa pori la akiba tangu 1943, na mwaka 1968 ikawa Hifadhi ya Taifa. Ndani ya mpaka msitu ukabaki. Nje, mambo yakawa mengine. Watu waliongezeka, wakimbizi kutoka Burundi na Kongo walikuja kwa vipindi, mashamba ya mihogo yakapanda mlima, na kila nyumba inapika. Usisahau mawese pia! Aliyewahi kuchemsha chikichi anajua zile kuni zinavyokwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya eneo hili, akaona hifadhi imebaki kama kisiwa cha kijani, vilima vya pembeni vyote vimenyolewa.

Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE, ukianza na vijiji 12. Hapa ndo napenda kukaa kidogo. Walitumwa Watanzania, wakaenda vijijini, na hawakuanza na hotuba ya miti. Waliuliza watu wenyewe wanataka nini maisha yao yawe mazuri. Majibu yakawa chakula, afya, elimu ya watoto. Wangeweza kusema hayo si kazi yetu, sisi tumekuja kwa ajili ya msitu. Hawakusema. Ni kama wewe ukija zahanati na mtoto anachemka homa, halafu mimi nianze kukuhubiria usafi wa choo. Utaitikia "ndiyo nesi" huku moyo uko kwa mtoto.

Basi vikaja vitalu vya miche, maji, vyoo bora, vikundi vya akina mama vya kukopa, ufadhili wa mabinti kusoma sekondari. Ikaja na elimu ya uzazi wa mpango, ikitolewa na wanakijiji waliofundishwa, watu unaowajua, siyo mgeni na gari lake.

Na miti? Miche ilipandwa, lakini kilichonishangaza mimi ni visiki. Mti wa miombo ukikatwa, mizizi haifi. Ukiacha kukata, kuchoma moto na kuchunga pale, kisiki kinachipua chenyewe, na miaka michache tu unakaa kivulini. Kwa hiyo kazi kubwa haikuwa kupanda. Ilikuwa kukubaliana kuacha.

Kukubaliana huko kulihitaji sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilikipa kijiji nguvu ya kupanga matumizi ya ardhi yake na kutenga msitu wake. Vijiji vinavyozunguka Gombe vikachora mipango: hapa makazi, hapa shamba, hapa msitu wa kijiji. Wakachagua walinzi wao wenyewe, ambao baadaye walipewa simu za kisasa za kurekodi mti uliokatwa, mtego, au sokwe aliyeonekana. Goodall alifariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91. Kamati za vijiji hazikumtegemea yeye kuitisha kikao.

Lakini nitasema ukweli wangu. Mlima ukifungwa, wa kwanza kuumia ni mama. Ndiye anayetembea mbali zaidi, tumbo la miezi saba, mzigo kichwani. Ndiyo maana jiko banifu na miti ya kuni karibu na nyumba si vitu vya ziada kwenye mradi kama huu, ndivyo vinavyofanya katazo livumilike. Na jiko likila kuni kidogo, moshi unapungua, mtoto uliyembeba mgongoni anapata nafuu. Moshi wa kuni unamweka mtoto mdogo kwenye hatari ya nimonia, hilo naliona wodini.

Kwa hiyo kikao cha kijiji kikiitwa kuhusu msitu, mama usimwachie baba Fulani peke yake. Nenda, kaa mbele, uliza kuni zitatoka wapi.

Jumapili, sehemu ya 5: dalili za nimonia kwa mtoto chini ya miaka mitano, na namna ya kuhesabu pumzi zake ukiwa nyumbani. Andaa saa yenye mshale wa sekunde, au simu tu inatosha.