Kupewa, Kudai na Kupigania: Juu ya Vitenzi vya Uhuru

Watu husema kwamba nchi ilipewa uhuru, iliudai, au iliupigania. Na mara nyingi msemaji mmoja huvitumia vitenzi hivi vyote katika mazungumzo ya jioni moja, kana kwamba maana yake ni ile ile. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba havilingani, na kwamba tofauti zake zimehifadhi historia ya namna makoloni yalivyojitoa katika dola ya Waingereza. Mfano wetu ni nchi ya Mbalibali na majirani zake, katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Huko mpaka wa Kenya hauko mbali, na kwa hiyo njia mbili za uhuru zaweza kutazamwa pamoja.

Tuanze na neno lenyewe. Huru ni neno lililotoka katika Kiarabu. Katika pwani ya zamani mtu huru alikuwa yule asiyekuwa mtumwa; na mtumwa aliachwa huru, mwenye kumwacha akiwa bwana wake. Sarufi yasema wazi: bwana ndiye mtenda, mtumwa ndiye mtendwa, na uhuru ni wema wa bwana. Utumwa ulipofutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, neno hilo halikufa. Miaka thelathini baadaye lilipewa kazi nyingine, na kazi hiyo ilihitaji kitenzi kingine.

Sasa tuutazame mpaka. Mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1886 yalichora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, na Wakurya wakagawanyika pande mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zilitawaliwa na Mwingereza, lakini si kwa sheria moja. Kenya ilifanywa koloni mwaka 1920, na ardhi nzuri ya nyanda zake za juu ilikuwa mikononi mwa walowezi. Tanganyika ilishikwa kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na tangu 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kifungu cha 76 cha Mkataba wa Umoja huo chasema kwamba shabaha ya udhamini ni kuwafikisha watu kwenye kujitawala au uhuru. Tena wananchi waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao, na wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuja kuikagua nchi mwaka 1948, 1951 na 1954.

Hapa ndipo kitenzi kudai kilipopata nguvu yake. Kudai ni neno la sokoni na la mahakamani: yuko mdai, yuko mdaiwa, na katikati yao liko deni. Mwenye kuomba aweza kunyimwa bila ya kudhulumiwa. Mwenye kudai akinyimwa amedhulumiwa. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet aliyapeleka madai yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini njia ilikwisha kuonyeshwa. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, na tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Butiama, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Aliporudi aliacha ualimu, akaenda kwao, na kwa miezi kadhaa alimfundisha mmisionari mmoja Kizanaki, lugha yake ya kuzaliwa, kabla ya kurejea Dar es Salaam.

Yafaa kuitaja habari hii, kwa kuwa katika nchi yenye Kikurya, Kingoreme, Kizanaki, Kiikoma na Kijaluo, chama kilichohutubia kwa Kiswahili kiliweza kutumia kitenzi kimoja mbele ya watu wote.

Hata hivyo, deni halilipwi kwa kuwa limeandikwa tu. Wajumbe wa mwaka 1954 walikadiria kwamba Tanganyika ingejitawala baada ya miaka 20 hadi 25, na Waingereza hawakukubali hata muda huo. Katika Usukuma serikali ilikataza matawi ya TANU hadi 1958. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa awe amefika darasa la nane, au awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au awe ameshika cheo kinachotambuliwa. TANU ilikubali Tabora, Januari 1958, kuingia kwa mlango huo mwembamba, ikashinda. Na tarehe 9 Desemba 1961 deni likalipwa.

Ng'ambo ya mpaka hapakuwa na hati kama ile. Mwaka 1952 ilitangazwa hali ya hatari. Kenyatta alifungwa, Kimathi alinyongwa mwaka 1957, na maelfu waliuawa kabla ya bendera kupandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Huko kupigania ni neno la damu. Asiyetambuliwa kuwa mdai hutafuta njia nyingine ya kusikilizwa.

Basi ikiwa leo twasema tulipewa uhuru, twamrudisha bwana kwenye kiti chake cha zamani, na mdai twamfanya mwombaji. Wenzetu wakusanyao masimulizi ya wazee wa Mbalibali na kwingineko yawapasa kukiandika kitenzi kama kilivyotamkwa, wala wasikisanifishe kwa kukidhania kuwa pambo tu. Katika kitenzi hicho msimulizi ametueleza alijiona nani siku ile: mtumwa aliyeachwa, mdai aliyelipwa, au askari aliyerudi vitani.