VAR ingeiokoa Ndanda? Teknolojia ya waamuzi na ubishi wa mashabiki wa Mtwara

Ubishi wa mpira Mtwara una malalamiko mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni kwamba refa ametuonea. La pili ni kwamba timu yetu haichezi. Kwenye vibanda umiza vya Chikongola na Magomeni, na kule Msimbati na Kilambo karibu na mdomo wa mto Ruvuma ambako wengi huufuata mpira redioni, anayeanza na la kwanza humalizia na la pili, na dawa inayotajwa kwa yote mawili ni moja: VAR. "Ingekuwepo VAR, Ndanda isingeshuka." Tumeisikia kauli hiyo mara nyingi mno. Hapa tunaieleza teknolojia yenyewe, inafanya nini na inakwama wapi, kisha tuirudie Ndanda.

Usiku wa Pretoria

Mfano ambao hauishi midomoni ni wa Aprili 5, 2024. Yanga ilikuwa Pretoria, Afrika Kusini, ikirudiana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, siku sita baada ya sare ya bila kufungana Dar es Salaam. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini jirani na mstari na kurudi uwanjani. Yanga wakashangilia. Chumba cha VAR kikaangalia picha, jibu likawa si bao, mchezo ukaendelea. Dakika zikaisha 0-0 na Sundowns ikashinda kwa penalti 3-2. Usiku huohuo Simba ilitolewa na Al Ahly mjini Cairo, kwa hiyo nchi ililala na misiba miwili. Wa Cairo ulizikwa haraka, maana Al Ahly ilishinda nyumbani na ugenini. Wa Pretoria bado una matanga.

Picha zilizosambaa kwenye simu usiku ule ziliwashawishi wengi kwamba mpira ulivuka. Yanga ilipeleka malalamiko yake CAF. Kilichozidisha uchungu ni kwamba Sundowns ni klabu ya familia ya Patrice Motsepe, ambaye ni rais wa CAF tangu Machi 2021. Hilo si ushahidi wa jambo lolote, lakini linaeleza kwa nini jibu la "VAR imeangalia" halikuwatosha watu.

Jambo ambalo halikusemwa sana ni hili: usiku ule kulikuwa na VAR, lakini hakukuwa na teknolojia ya mstari wa goli. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Sheria ya mpira inataka mpira wote uwe umevuka mstari wote, ardhini au hewani. Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi, na mstari haupaswi kuzidi sentimita 12. Ukiona upande mmoja wa mpira ungali juu ya ukingo wa mstari, hata kwa unene wa kucha, si bao. Sasa chukua kamera ya kawaida ya televisheni inayopiga picha 50 kwa sekunde. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa husafiri zaidi ya nusu mita kati ya picha moja na inayofuata. Unaweza kuingia na kutoka bila picha hata moja kuunasa ukiwa ndani. Ongeza kwamba kamera haikukaa sambamba na mstari bali pembeni na juu, na mpira uko hewani: ukiutazama kwa mshazari utaonekana umevuka wakati bado, au haujavuka wakati tayari. Kwa hiyo waliokuwa chumbani walikuwa wakitazama picha za aina ileile tuliyoibishania sisi, wakiwa na kamera nyingi zaidi. Wangeweza kusema "hatuoni uthibitisho". Kusema "mpira ulifika hapa" kwa uhakika wa sentimita, vifaa hivyo haviwezi.

Teknolojia ya mstari wa goli ndiyo inayoweza. Iliruhusiwa mwaka 2012, miaka miwili baada ya shuti la Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani kule Bloemfontein, ambapo mpira ulivuka mstari waziwazi na refa hakuona. Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil liliitumia: kamera 14, saba kwa kila lango, hazina kazi nyingine ila kuufuata mpira, na saa ya mkononi ya refa hupata ishara ndani ya sekunde moja. Hapo hakuna mjadala wala chumba. Lakini hata mashine hiyo inaweza kuzibwa macho. Juni 2020, mechi ya Aston Villa na Sheffield United, kipa alirudi na mpira hadi ndani ya lango, miili ya wachezaji na nguzo zikazikinga kamera zote, na saa ya refa ikanyamaza.

Mambo manne tu

VAR ilipitishwa na bodi ya kimataifa ya sheria za soka Machi 2018 na kutumika Kombe la Dunia la Urusi mwaka huohuo. Itifaki iliyopitishwa ilitaja mambo manne: bao au si bao, penalti au si penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi kupewa mchezaji asiyehusika. Kona iliyogeuzwa kuwa goli kiki, faulo ya katikati, dakika za nyongeza ambazo kila shabiki huzihesabu kwa saa yake, hayo hayakuwemo.

Na katika hayo manne, chumba hakiitwi kutoa maoni. Kinaingilia pale tu kosa linapokuwa la wazi na la dhahiri, au tukio kubwa limempita refa kabisa. Penalti ambayo nusu ya kibanda wanasema ndiyo na nusu hapana, kwa kipimo hicho, hubaki kama refa alivyoamua. Mashabiki wengi hawalipendi jibu hili. Sisi tunaliona lina mantiki, ingawa tunakiri maneno "wazi na dhahiri" yenyewe hayako wazi sana. Neno la mwisho ni la refa wa kati kila mara, hata akienda pembeni kutazama skrini. Mchezaji anayechora mstatili hewani kwa vidole akidai video anastahili kadi ya njano.

Kuotea ndiko kunakoleta ugomvi wa milimita. Kwenye Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar ziliwekwa kamera 12 chini ya paa la uwanja, zikifuata sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji, na ndani ya mpira mkawekwa kifaa kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Ligi isiyo na vifaa hivyo huchora mistari kwa mkono juu ya picha iliyosimamishwa, na kama tulivyoona kwenye hesabu ya mpira, kuchagua picha ya mbele au ya nyuma kunatosha kumtoa au kumrudisha mshambuliaji.

Mashine ikizimika

Mei 31, 2019, fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ilikuwa Rades, Tunisia: Esperance na Wydad ya Casablanca, baada ya sare ya 1-1 Morocco. Esperance wakiwa mbele 1-0, Wydad walifunga, likakataliwa kwa kuotea. Wakadai VAR iangaliwe. Ndipo wakaambiwa haifanyi kazi. Waligoma kurudi kucheza, watu wakasubiri zaidi ya saa nzima, na Esperance wakapewa kombe. Kesi ilizunguka CAF hadi mahakama ya usuluhishi wa michezo, na mwishowe ubingwa ulibaki Tunis. Itifaki inasema kwamba kuharibika kwa VAR peke yake hakuubatilishi mchezo. Ni kifungu cha kukumbukwa na kila timu itakayochezea kwenye uwanja ambao umeme wake ni wa kubahatisha.

Kuna pia mashine kuwa nzima na watu kukosea. Septemba 30, 2023, Luis Díaz wa Liverpool aliifunga Tottenham, mshika kibendera akasema kaotea. Chumbani waliona wazi kwamba hakuotea, lakini wakadhani bao lilikuwa limekubaliwa uwanjani, wakamwambia refa ukaguzi umekwisha. Mchezo ulipoanza tena, hakukuwa na kurudi nyuma. Kosa lilikuwa kwenye mazungumzo ya redio zao, jambo ambalo sisi watu wa redio tunalielewa kuliko tungependa.

Ndanda na hesabu ya mechi 38

Tuje nyumbani. Ndanda FC, Wanakuchele, ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15 na ikashuka mwisho wa msimu wa 2019/20. Misimu sita. Msimu ule wa mwisho ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38, na nne zilishuka moja kwa moja: Ndanda, Lipuli, Alliance na Singida United. Hakukuwa na VAR kwenye mechi hata moja.

Hoja ya mashabiki ina uzito kwa kiasi fulani. Timu ya mkiani huishi kwa sare. Penalti moja ya utata dakika ya 88 inaweza kuichukulia pointi moja au mbili, na ikitokea mara tatu, nne kwa msimu, hizo ni pointi za kukaa au kushuka. Simba au Yanga wakikosa penalti halali wana nafasi sita nyingine za kufunga; timu ndogo huenda isipate nyingine hadi wiki ijayo. Uonevu uleule haugharimu sawa.

Lakini wenye hoja hiyo wanapaswa kumtazama jirani. Msimu huohuo Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilikuwa ndiyo kwanza imepanda. Ilikuwa na waamuzi walewale wa ligi, bila VAR kama Ndanda, na safari zake za kwenda Kanda ya Ziwa zilikuwa karibu ndefu vilevile. Ilibaki Ligi Kuu, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyochezwa Sumbawanga Agosti 2020 na kufungwa na Simba 2-1, kisha ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Refa mbaya hawezi kuwa sababu ya anguko la mmoja tu kati ya wawili wanaochezeshwa na marefa walewale. Yanayobaki ni yale ambayo kamera haiyaoni: usajili, mishahara inayofika au isiyofika, na basi linalosafiri zaidi ya kilomita 1,500 hadi Mwanza na kurudi.

Na kushuka kulikuja wakati mbaya. Mei 2021, chini ya mwaka mmoja baadaye, TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Pesa hizo, na kamera zake, zilifuata ligi ambayo Mtwara haikuwemo tena.

Nangwanda Sijaona ingehitaji nini

Juni 2024, akisoma bajeti ya 2024/25, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alipendekeza msamaha wa kodi kwa vifaa vya VAR ili kupunguza malalamiko ya waamuzi. Bunge lilicheka na kupiga meza, na ni hatua ya maana. Lakini gharama kubwa si ushuru wa mashine. VAR inataka kamera nyingi zilizopangwa vizuri, mawasiliano yasiyokatika, na waamuzi waliofunzwa kukaa chumbani, ambao ni wengine mbali na wale wanne wa uwanjani. Kwa madaraja ya chini, ambako mechi nyingi haina hata kamera moja ya televisheni, kuidai VAR ni kuagiza paa kabla ya msingi.

Kilicho karibu zaidi ni mfumo mwingine, wa msaada wa video kwa makocha, ambao FIFA iliujaribu mwaka 2024 kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 nchini Colombia. Umetengenezwa kwa ajili ya mashindano yenye kamera chache. Hakuna chumba. Kila kocha ana nafasi mbili za kuomba tukio liangaliwe. Akiwa sahihi nafasi yake inabaki, akikosea imekwenda. Refa mwenyewe huenda kwenye skrini na kuamua. Hata besiboli ya Marekani, mchezo ambao kwetu hauna wafuasi wengi, imechukua njia kama hiyo: ligi yao kuu iliamua Septemba 2025 kwamba kuanzia msimu wa 2026 kila timu ipewe nafasi mbili za kupinga uamuzi kama mpira uliorushwa ulipita ndani ya eneo halali au nje yake, na kamera zijibu papo hapo.

Tunaupenda mfumo huo kwa sababu moja zaidi. Unamlazimisha kocha kuchagua. Aliyemaliza nafasi zake dakika ya 20 kwa kudai kila faulo atakaa kimya dakika ya 88, na shabiki atajua lawama ni ya benchi lake.

Hata kabla ya hapo, kamera mbili za kurekodi tu zingebadilisha jambo. Kamati inayopitia mechi za ligi, ile inayojulikana kwa wengi kama Kamati ya Saa 72, inaweza kumfungia mwamuzi aliyevurunda, ingawa matokeo hubaki yalivyo kwa sababu sheria inaufanya uamuzi wa refa kuhusu bao na matokeo kuwa wa mwisho. Pasipo picha, wanaobaki kusikilizwa ni refa na kamisaa. Klabu ya daraja la chini inayorekodi mechi zake za nyumbani kutoka jukwaani, katikati ya uwanja na nyuma ya lango moja, inakuwa na kitu cha kuweka mezani. Picha hizohizo, zikitazamwa Jumatatu na kocha wake, zitamwonyesha pia beki wa kushoto alikuwa wapi wakati bao lile la "kuotea" linafungwa.