Fundi wa Usiku: Simu ya Marekani Ilipolia Bangalore

Leo naweka programu kando, niwape historia kidogo.

Mwaka 2001 kampuni ya Dell, yenye makao Texas, ilifungua kituo cha simu Bangalore, India. Mmarekani aliyekwama na kompyuta alipiga namba ileile ya kwao, akajibiwa na kijana aliye ng'ambo ya bahari. Hilo liliwezekana kwa sababu nyaya nyingi za baharini zilitandazwa miaka ya 1990, na India ilikuwa na wasomi wengi wanaojua Kiingereza na waliolipwa mshahara mdogo kuliko wa Marekani.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Saa tatu asubuhi New York ni jioni Bangalore, kwa hiyo fundi alikesha. Wengi katika vituo vya India walifundishwa lafudhi na kupewa majina ya kizungu. Mbele yao palikuwa na orodha ya maswali: umezima ukawasha? Umechomeka waya? Huku saa ikihesabu kila dakika ya simu.

Novemba 2003 mambo yakageuka. Wateja wa makampuni walilalamika, na Dell ikarudisha Marekani simu za kompyuta za OptiPlex na Latitude. Wateja wa nyumbani waliendelea kujibiwa kutoka India. Wengi walilaumu lafudhi. Mimi nailaumu ile orodha pia: fundi akipimwa kwa dakika, atamaliza simu, si tatizo.

Haya yatuhusu nini? Nairobi nayo ilianza vituo vya simu kabla ya kuwa na nyaya za baharini. Sauti ilipitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu; swali kwenda na jibu kurudi ni kama nusu sekunde. Hapo watu wawili hukatizana maneno, na mteja hudhani fundi hajui kazi. SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, kasoro hiyo ikapata dawa.

Lakini waya haubadilishi kipimo. Ndugu zetu wanaojibu simu za ng'ambo usiku wa manane bado huhesabiwa dakika. Ukifungua kampuni yako kesho, utampima fundi wako kwa nini?