Neno "Beijing" Mtaani Kwetu

Nilipokuwa mdogo nilidhani Beijing maana yake ni ugomvi. Mtaani kwetu mwanamke akimuuliza mumewe pesa ya kodi imeishia wapi, wazee wa kijiweni walikuwa wanacheka: "Tayari, kashaleta Beijing!" Mama yangu naye aliitwa hivyo, siku alipokataa kiwanja chetu kiuzwe bila yeye kushirikishwa. Niliona aibu, nikapita njia ya nyuma kwenda dukani.

Kumbe neno lile lilikuwa na mwenyewe, tena Mtanzania mwenzetu. Gertrude Mongella alizaliwa mwaka 1945 kisiwani Ukerewe, akasoma kwa masista Morogoro, kisha Chuo Kikuu pale Dar es Salaam, akawa mwalimu. Mwaka 1975 aliingia Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977. Kufikia mwaka 1982 alikuwa waziri, na kati ya 1985 na 1987 alishika wizara ya Ardhi, Maliasili na Utalii. Baadaye akawa balozi wetu India.

Ndipo Umoja wa Mataifa ukamkabidhi mkutano wa nne wa dunia wa wanawake, yeye akiwa Katibu Mkuu wake. Septemba 1995, mjini Beijing, nchi 189 zilikaa kitako na kupitisha mpango wenye maeneo 12: umaskini, elimu, afya, ukatili, uongozi, na mengineyo. Fikiria kazi ya kukubalisha nchi zote hizo, wakati sisi kikao cha harusi tu kinatushinda!

Kijiweni watasema: maneno matupu hayo. Sitawabishia sana. Azimio si sheria, halimkamati mtu. Hata mwaka 2004, Mama Mongella alipochaguliwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, bunge lile lilikuwa la kushauri tu, halitungi sheria. Na mwaka 2010 wapiga kura wa Ukerewe walimnyima ubunge. Siasa ndiyo hiyo.

Lakini mwaka 1999 Bunge letu lilipitisha sheria mbili za ardhi zinazosema mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Sisemi aliziandika yeye. Vikundi vya wanawake vilizipigania, tena kwa jasho. Ila waliposimama kudai, walikuwa na mahali pa kuegemea: serikali yao yenyewe ilikuwa imeweka ahadi kule China, mbele ya dunia nzima.

Juzi nilimuuliza mama kama lile jina lilimuuma. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa.

"Liniume la nini? Kwani kiwanja si kipo?"

Kipo. Ndipo ninapoandikia haya.