Waliokuja Kulipima Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hushuka kama kilomita 35 na kuingia Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Salenda. Njiani huipitia Vingunguti, kata ya Ilala, jijini Dar es Salaam, iliyobanwa kati ya reli, viwanda vya Barabara ya Nyerere na bonde lenyewe. Kuna machinjio hapo, kuna mabwawa ya maji taka, kuna bustani za mboga, na kuna nyumba tele zilizojengwa bila kumsubiri mpima ardhi. Yeye alichelewa. Wapimaji wengine walifika mapema, hapo na katika kata za jirani: wa damu, wa mboga, wa mbu, wa vyoo, kila mmoja na chombo chake na swali lake. Habari zao zimetawanyika katika majarida ya fani mbalimbali, nami naona ni hasara, kwa kuwa maji waliyoyafuata ni yale yale.

Wa kwanza walikuja jijini kwa ajili ya homa, na hawakwenda mbali na bandari. Daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Mwaka 1901 daktari mwenzake, Ollwig, alianza mpango wa kupima damu za wakazi kwa hadubini na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea.

Kwa mto, kazi kubwa ilianza baada ya kuwepo chuo kikuu na viwanda. Mwaka 1988 watafiti Ak'habuhaya na Lodenius walichapisha vipimo vya metali katika Msimbazi. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu wakaufuata uchafu huo hadi kwenye sahani: walichuma mchicha, chainizi, kunde, saladi na majani ya maboga kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakatafuta ndani yake risasi, kadmi, shaba na zinki. Kazi yenyewe ni ya subira. Jani linakaushwa, linasagwa, linayeyushwa kwa asidi, kisha maji yake yanapulizwa kwenye mwali wa moto huku mwanga ukipitishwa humo. Kila metali humeza mwanga wa aina yake peke yake, na kiasi cha mwanga uliomezwa ndicho kinachosema mna risasi kiasi gani. Mchuuzi wa sokoni hana namna ya kulijua hilo. Risasi kwenye jani haina rangi wala harufu, na fungu la mchicha wa bondeni halina alama inayolitofautisha na fungu jingine.

Kemia iliweza kusema kilichomo ndani ya jani. Haikuweza kusema kwa nini mtu analima pale. Jibu hilo lilikuwa mikononi mwa watu wa fani nyingine, ambao wengi wao hawakuwa na habari na mwali wa moto wa maabara. Aili Mari Tripp alifanya utafiti Buguruni na Manzese mwishoni mwa miaka ya 1980, akaonyesha kwamba mshahara haukufikisha kaya mwisho wa mwezi, na kwamba kilichoziba pengo ni miradi midogo, mingi ikiwa ya kina mama. Camillus Sawio, katika tasnifu yake ya mwaka 1993, alieleza jinsi kilimo cha mjini Dar es Salaam kilivyokuwa kazi ya watu wa kila daraja. Ukizisoma kazi hizi kando ya vipimo vya mboga, ndipo unaelewa kwamba kumwambia mkulima wa bondeni aache kulima ni kumwambia aache kula. Nasikitika kwamba karibu zote ziliandikwa kwa Kiingereza, na aliyechumiwa mchicha wake kwa ajili ya maabara alistahili kusomewa matokeo mtaani kwake, kwa lugha yake.

Wa mbu walifanya kazi kwa namna nyingine kabisa, na kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wa historia hii. Baada ya mradi uliosaidiwa na Japani kati ya 1988 na 1996, ambao ulisafisha mitaro ya Dar es Salaam na Tanga, jiji lilianzisha mwaka 2004 Mpango wa Kudhibiti Malaria Mijini. Ulihusu kata 15 za Kinondoni, Ilala na Temeke. Mwaka 2006 viuaviluwiluwi vilianza kunyunyizwa katika kata tatu: Mikocheni, Kurasini, na Buguruni, jirani wa Vingunguti.

Kilichonyunyizwa ni bakteria. Aina hiyo iligunduliwa mwaka 1976 kwenye jangwa la Negev. Kiluwiluwi akiimeza, sumu yake humharibu utumbo akafa, lakini binadamu na samaki haiwadhuru. Kwenye vichaka na maji yaliyofunikwa na majani ilitupwa ikiwa imeshikizwa kwenye chembe za magunzi ya mahindi, ili zipenye hadi majini. Haidumu. Kila wiki mtu lazima arudi kwenye dimbwi lile lile, na ili arudi lazima dimbwi lijulikane.

Basi likazuka swali la ramani. Kata hizo hazikuwa na ramani ya kumwonyesha mtu dimbwi nyuma ya nyumba. Stefan Dongus na wenzake walieleza mwaka 2007 jinsi walivyofanya: wahudumu waliochaguliwa mitaani walichora kwa mkono maeneo ya mashina ya nyumba kumi, ule mfumo wa mabalozi uliojengwa na TANU miaka ya 1960. Kisha michoro hiyo ikalinganishwa na picha za anga, ardhini, pamoja na wahudumu wenyewe. Hapo yakaonekana mapengo. Penye nyumba pana balozi. Lakini mashamba ya bondeni na viwanja vya viwanda havikuwa na balozi, basi na kwenye michoro havikuwemo, ilhali mbu hawajali shina. Wataalamu wa wadudu wakajikuta wanajifunza siasa ya chama kimoja ili wajue dimbwi ni la nani. Palipokuwa na ukuta na geti, kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwani mwenye nyumba aliweza kukataa kufungua.

Anofelesi anayeleta malaria hupenda zaidi maji yenye jua, yasiyochafuka sana. Kuleksi, anayesambaza matende, huzaliana kwenye mashimo ya vyoo na maji machafu. Kwa hiyo anayetafuta mbu Dar es Salaam mwishowe hufika chooni, na huko hukuta wengine wameshatangulia. Kati ya 1988 na 1992 Waholanzi na idara ya majitaka ya jiji walijaribu pampu ya mkono ya kunyonyea vyoo, ya kusukumwa hadi uchochoro usiopitisha lori. Esnati Chaggu alitetea tasnifu Wageningen mwaka 2004 kuhusu kuboresha vyoo vya shimo. Mwaka 2010 Katie Penrose na wenzake walionyesha, kwa takwimu za kipindupindu za mwaka 2006, kwamba kata zenye makazi holela ndizo zilizoumia zaidi. Wakazi wanaijua njia ya ugonjwa bila takwimu: mvua ikinyesha, kuna wanaotapisha vyoo, uchafu unaondoka na mafuriko kwenda kwa wa chini, na asiyetaka kungoja mvua huwaita vyura, yaani watu wa kutapisha vyoo kwa mikono, wachimbe usiku.

Vingunguti yenyewe iliingia kwenye utafiti wa vyoo kupitia shirika la Centre for Community Initiatives na Shirikisho la Watu Masikini wa Mijini. Hapa aliyehesabu alikuwa mkazi. Wanachama walipita nyumba kwa nyumba wakiandika vyoo, wapangaji na gharama, Vingunguti na Keko Machungwa. Kisha yakalazwa mabomba membamba, ya kina kifupi, mbinu iliyokomaa katika mitaa ya Natal huko Brazil na Orangi huko Karachi kuanzia miaka ya 1980. Bomba la namna hii hupita uani mwa watu. Mhandisi anakokotoa mteremko. Idhini ya kupita anaitoa jirani, na mwenye nyumba na mpangaji wanagombana nani alipe.

Bahati ya Vingunguti ni kuwa mabwawa yako karibu, hivyo uchafu una pa kwenda. Ndani ya mabwawa hakuna mashine: uchafu mzito unatuama, bakteria wanaula, mwani unatoa oksijeni mchana, jua na muda vinaua vimelea. Vimelea vinakufa, metali haifi. Risasi ikiingia na maji hayo huzama sehemu kubwa kwenye tope la chini, na tope likijaa lazima lichotwe. Swali la metali la mwaka 1988 na swali la vyoo yanakutana hapo, kwenye tope la bwawa, na anayechota anahitaji kuambiwa lina nini kabla halijamwagwa shambani kwa mtu.