UZI: Kisima cha mgombea na choo cha jirani

Kila msimu wa kampeni mgombea husimama Kisauni au Likoni, aahidi kisima. Watu hupiga makofi. Mimi nauliza: kitachimbwa mita ngapi kutoka choo cha nani?

Kisauni imekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, yale yenye matundu. Maji hupenya upesi. Tangi la septiki hubakisha tope chini, lakini maji yake huzama ardhini na nitrojeni ya mkojo na kinyesi, ambayo njiani hugeuka naitreti. Haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuitoi. Ukichemsha sana ndio unaizidisha: maji yanapungua, yenyewe inabaki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, kwa sababu ya wachanga wanaolishwa kwa chupa. Ikizidi, damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Sasa historia, maana hapa ndipo mijadala ya runinga huruka.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi za Pwani. Aliyedai na kukubaliwa akapata hati. Isiyodaiwa ikahesabiwa mali ya Taji la Uingereza. Wengi waliokuwa wakiishi na kulima hapo wakajikuta masikwota. Ndipo ikashamiri hii yetu ya "nyumba bila shamba": kuta zangu, udongo wa mwenyewe, na kodi ya ardhi nalipa. Jamani, nani atazika pesa kwenye tangi la maana na kesho anaweza kuambiwa ahame? Unachimba shimo. Likijaa unachimba jingine, na la jirani liko ukutani kwako.

1957 bomba la Mzima likafika Mombasa. Maji yakaongezeka, na vyoo vya kuvuta navyo, lakini mabomba ya maji taka hayakufuata kwa kasi hiyo. Sehemu ya kisiwa ilipata, Changamwe ina mtambo wa Kipevu. Likoni na Kisauni ni mashimo, matangi na lori la kunyonya. Mfereji ukikauka, watu hurudi kisimani, na utafiti uliofanywa Kisauni miaka ya 2000 ulikuta bakteria wa kinyesi visimani. (Msininukuu eti napinga visima. Napinga kisima bila choo kwenye ramani.)

Kinachopita kisimani huteremka baharini. Mikindani, maji taka yamepita kwenye mikoko ya Tudor miaka mingi. Kweli mikoko hufyonza nitrojeni, ila ina kipimo chake, na yenyewe tunaikata.

Tangu 2013 huduma za maji na usafi ni kazi ya kaunti, kwa hiyo mgombea wa ugavana asiwasukumie Nairobi. Muulizeni mpangaji wa Likoni atalipa ngapi lori lije kunyonya choo, mwenye ardhi atachangia nini, na lori hilo litamwaga wapi.