Makosa ya kuepukwa mtoto anapopaliwa

KATIKA vijiji vya Mtinko, mkoani Singida, kama ilivyo mijini, punje moja ya karanga au mahindi yaweza kuziba njia ya hewa ya mtoto kwa dakika chache tu na kumwua kabla hajafikishwa hospitalini. Mara nyingi pupa ya wanaomsaidia huongeza hatari.

Kosa la kwanza ni kuingiza kidole kooni bila kukiona kitu kilichokwama, kwani huweza kukisukuma ndani zaidi. La pili ni kumnywesha maji au kumlisha tonge. La tatu ni kumpiga mgongoni mtoto anayekohoa kwa nguvu. Huyo aachwe akohoe, huku akiangaliwa.

Asiyeweza kukohoa wala kulia apigwe kwa kiganja mara 5 kati ya mabega. Ikishindikana, aliye chini ya mwaka 1 abonyezwe katikati ya kifua mara 5. Mkubwa zaidi abanwe tumboni, juu ya kitovu, mara 5. Hatua hizo zirudiwe kwa zamu. Kubana tumbo la mtoto mchanga ni kosa, kwani ini lake huweza kuumia.

Akizimia, huduma ya kufufua ianze mara moja. Kichwa cha mtoto mchanga kisipindwe nyuma mno, kwani koo lake laini huweza kujiziba.

Kosa la mwisho ni kuridhika mapema. Karanga iliyoshuka mapafuni huenda isionekane kwenye picha ya eksirei. Kikohozi au mkoromo ukibaki, mtoto apelekwe hospitali bila kuchelewa.